Mama hakuwa akitafuta pesa: barua ya wazi kwa wakuu wa tamthilia ya saa moja unusu

Kwa Mkurugenzi wa Vipindi, Mtayarishaji Mkuu na waandishi wa hati,
Nairobi.

Waheshimiwa,

KUH: MAMA NA MKAZA MWANA WAKE, NA MLICHOWATENDEA MSIMU HUU

Pokeeni salamu zangu za heshima. Mimi ni mpiga chapa. Nina duka dogo River Road, na kazi inayonilisha kuliko kadi za harusi na vitabu vya risiti ni vijitabu vya mazishi. Runinga yangu iko juu ya rafu ya karatasi. Saa moja unusu jioni ikifika mashine inazimwa, maana wateja wanaosubiri kazi zao hawataki kelele tamthilia yenu ikianza. Nayasema haya mjue kwamba anayewaandikia ni mtu wenu, aliyewaletea watazamaji wengine bila kulipwa.

Nilianza kwa njia ya faragha. Nilituma baruapepe kwa anwani mnayoionyesha mwisho wa kipindi, nikashukuriwa na mashine kwa kuwa mmoja wa familia yenu. Nikapiga simu, nikaelekezwa dawati la matangazo, na kijana mmoja mpole akaniuliza bidhaa yangu ni ipi. Mwishowe nikachapa barua, nikaileta mwenyewe mapokezi, ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Jibu moja tu lilikuja likiwa na maneno ya binadamu, mistari michache kutoka kwa mmoja wenu, nami nitalirudia hapo chini. Tangu hapo kimya. Ndiyo maana leo naandika hadharani.

Sitataja jina la tamthilia wala la stesheni. Wanaoitazama wataijua kabla hawajamaliza aya ifuatayo, na waigizaji wana mikataba yao. Sitaki mtu aitwe ofisini kwa sababu yangu.

Kwa wasioitazama, kisa ni hiki. Fundi wa stima anafariki katika ajali ya matatu usiku, akitoka kazini Naivasha. Anaacha mke, binti wa miaka mitano, ploti ya futi hamsini kwa mia huko Kitengela ambayo alikuwa bado akiilipia kidogo kidogo, na mama yake mzazi, aliyekuja Nairobi kwa mipango ya mazishi akiwa na mfuko mmoja wa nguo. Wanamzika kijijini, wanarudi, na mama anapanda gari lilelile la kurudi mjini. Hakuna aliyemwambia aje na hakuna anayemwambia aondoke. Anakaa tu katika nyumba ile ya vyumba viwili Umoja, analala chumba cha mtoto. Marehemu alipokuwa hai wanawake hawa wawili walikuwa wakiongea kwa adabu na kwa ufupi. Sasa wamebaki peke yao na kitu ambacho kila mmoja anaamini ni chake zaidi.

Halafu ikaja sehemu ya simu. Naomba niieleze polepole, kwa sababu malalamiko yangu yote yanatoka hapo.

Marehemu ameacha simu yenye ufa kwenye kioo. Mjane ameiweka kabatini, chini ya mashuka. Usiku mmoja anaosha vyombo, simu inaita. Anajipangusa mikono, anafungua kabati, anasoma jina: Mathe, yaani mama. Anageuka kuutazama mlango wa chumba cha mtoto. Mwanga unapita chini yake. Kisha kamera inaingia ndani, tunamwona mama ameketi ukingoni mwa kitanda, leso mabegani, simu yake ya vitufe sikioni, anasikiliza ikiita. Hasemi kitu. Mjane huku nje haipokei, na wala haizimi. Anaishika mkononi mpaka inakata, anairudisha mahali pake. Asubuhi wanakunywa chai, wanazungumza habari za maji kukatika. Lakini kabla ya kutoka kwenda kazini, mjane anaitoa simu ya mumewe kabatini, anaichomeka chaja, anaiacha juu ya meza, mama aione.

Basi. Hakuna aliyelia wala kukumbatiwa, na hakukuwa na muziki. Tangu siku hiyo mama alipiga kila usiku saa ileile, na kila asubuhi simu ilikuwa kwenye chaja. Dukani kwangu wanaume wazima waligeuka wakajifanya wanahesabu karatasi.

Mliendelea hivyo msimu mzima, na mliandika vizuri. Mama alikuwa akipika ya watu wanne wakati waliobaki ni watatu. Mjane hakumsahihisha hata siku moja, aliitia ile sahani ya nne kwenye kontena akaibeba kazini. Mama akimsuka mtoto, mjane alikuwa akikaa karibu kuliko ilivyohitajika. Mlitufundisha kuwasoma watu hawa kwa mikono yao.

Msimu huu mmefanya yafuatayo, nami nayapinga.

1. Mmebadilisha maana ya jambo tulilokwisha kuliona kwa macho.

Shemeji, ndugu mdogo wa marehemu, anamwambia mjane kwamba zile simu za usiku zilikuwa ujanja. Kwamba mama alikuwa akipiga ili ajue simu iko wapi na kama laini bado inafanya kazi, wapate kuitoa pesa iliyobaki M-Pesa na kusoma jumbe za malipo ya ploti. Kisha mkaturudisha usiku ule wa kwanza, mama ukingoni mwa kitanda, leso ileile, ila safari hii mmemfanya atabasamu, na chini yake mmeweka ngoma ya kutisha.

Waheshimiwa, mtu hudanganya mbele ya mtu. Usiku ule mama alikuwa peke yake, mlango umefungwa, mtoto amelala. Alikuwa akimwigizia nani? Aliyekuwa mle ndani pamoja naye ni sisi. Mkisema uso ule ulikuwa wa uongo, hamjamfanya mama kuwa mjanja. Mmeifanya kamera yenu wenyewe kuwa shahidi wa uongo, na kuanzia leo mkituonyesha mtu analia chumbani peke yake tutakuwa na haki ya kuuliza kama analia kweli.

Isitoshe, hesabu haitoki. Anayetafuta simu huacha kuipiga akishaiona. Simu ilikaa mezani mbele yake, imechajiwa, msimu mzima. Angeweza kuichukua saa yoyote mjane akiwa kazini. Badala yake alisubiri usiku uingie, akaenda chumbani, akaipiga. Niambieni mwizi gani hufanya hivyo.

2. Mna ugomvi halali mlioupanda wenyewe, mkauacha ukafia shambani.

Sidai kwamba wanawake hawa wasigombane. Ningeshangaa wasingegombana. Katika wiki ya matanga, mama alimuuliza mkaza mwana wake, wakiwa wameinamia karai la viazi, kama ni yeye aliyempigia marehemu kumtaka arudi usiku ule badala ya kulala Naivasha. Mjane akasema ndiyo, mtoto alikuwa na homa. Mama akaendelea kumenya. Swali lile halikurudi tena, na kila mtazamaji aliye na akili timamu aliliweka akiba.

Hapo ndipo palipokuwa na moto wenu. Siku moja mama angelisema lile neno, kwamba ungemwacha alale huko. Na mjane angemjibu kwamba hakuna usiku ambao hajajiambia hivyo. Wangeumizana vibaya kuliko ploti yoyote inavyoweza kuumiza, kwa sababu kila mmoja anajua mahali mwenzake pasipopona. Na bado asubuhi simu ingekuwa kwenye chaja, au isingekuwa, na sisi tungekimbia nyumbani kesho yake kuitazama ile meza.

Mmeliruka hilo mkaenda kwa hatimiliki, kofi na mvua. Mama anafukuzwa na mfuko wake wa nguo, mvua inanyesha Umoja nzima. Kofi lenyewe sitalizungumzia. Waigizaji wote wawili walilifanya kwa heshima kuliko lilivyoandikwa.

3. Mambo ya mirathi mmeyachezea.

Hili linaweza kuonekana dogo, lakini familia zinazokuja kaunta kwangu huwa zimejaa hofu ya jambo hilihilo, na nyingi hujifunza sheria kutoka kwenu. Ndani ya wiki moja mama na shemeji wanauza ploti ya marehemu katika ofisi ya wakili, pesa mezani. Kwanza, msimu uliopita marehemu alikuwa hajamaliza kuilipia. Hatimiliki imetoka wapi? Pili, Sheria ya Urithi, ambayo imetumika nchini tangu 1981, hairuhusu mtu kuuza mali ya marehemu kwa sababu tu ni mama au ndugu. Kuna barua ya chifu, kuna maombi kortini, kuna tangazo katika Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za mwenye pingamizi kujitokeza, na uthibitisho kwa kawaida huja baada ya miezi sita. Kifungu cha 45 kinasema anayeingilia mali ya marehemu bila idhini ana kosa, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Kutoa pesa kwenye laini ya mtu aliyefariki kwa kuwa unaijua namba yake ya siri kunaingia humo. Na mjane mwenye mtoto, kwa sheria hiyohiyo, vyombo vya nyumbani ni vyake moja kwa moja, na ana haki ya kunufaika na mali iliyobaki akiwa hai.

Mjane wenu ni karani. Msimu wa kwanza tulimwona akiwajazia majirani fomu za bima ya afya. Leo analia sakafuni kwa sababu shemeji amempungia karatasi.

4. Marudio ya Jumapili mnayakatakata.

Mnaporudia sehemu zote za wiki Jumapili alasiri, mnapunguza ili yapatikane matangazo na bahati nasibu. Sawa, biashara ni biashara. Lakini mnachopunguza ni kimya. Ile sehemu ya simu, iliporudiwa, mjane alifungua kabati na papo hapo ikawa asubuhi. Kule kuishika simu mpaka ikakata mlikuondoa. Mkabakiza mazungumzo ya maji kukatika, ambayo bila kile kimya ni mazungumzo ya maji tu. Na kinanda mlichokimimina juu yake hakikuwepo mara ya kwanza. Nani aliwaambia kwamba hatukuelewa?

5. Mtoto yuko wapi? Tangu nyanya yake afukuzwe hajamtaja, na nywele zake zimesukwa upya na mtu tusiyemjua.

6. Trela. Mnaionyesha katikati ya taarifa ya habari, kofi likirudiwa mwendo wa polepole, wimbo wa densi nyuma yake, na sauti inayouliza nani atashinda. Wanawake wawili wamefiwa na mtu mmoja. Hayo mashindano ni ya kikombe gani?

Najua mtakayoyasema, kwa kuwa mengine mmekwisha kuyasema.

Mtasema watazamaji wanataka mambo ya moto. Wengine wanataka, na hao hawakosi pa kuyapata. Lakini kumbukeni nchi hii ilivyowapenda Mzee Ojwang' na Mama Kayai. Miaka na miaka walikaa sebuleni kwetu kama mume na mke, wakizozana juu ya chakula na pesa za matumizi, na Mzee alipofariki Julai 2015 wako waliompa Mama Kayai pole ya mjane; hawakujua kwamba ndoa ile ilikuwa ya kwenye runinga tu. Ile ilikuwa vichekesho, na bado watu walishika uhusiano ule wakauamini, kwa sababu ulijengwa taratibu na haukubomolewa ili kuwashtua. Nanyi mlikuwa mmepata kitu cha aina hiyo, tena katika kisa cha huzuni, ambako ni vigumu zaidi.

Mtasema ndivyo ilivyo maishani, familia hugombana mtu akifa. Ni kweli, nami ndiye ninayechapa vijitabu viwili vya marehemu mmoja pande mbili zikikosana. Wazee wetu wanaikumbuka kesi ya S.M. Otieno, wakili aliyefariki Desemba 1986, mjane wake Wambui akavutana kortini na ukoo wa marehemu, Umira Kager, hadi Mei 1987, mwili ukiwa mochari muda wote huo, kabla ya kuzikwa Nyalgunga kule Siaya. Mji mzima uliisoma kesi ile kila asubuhi. Lakini itazameni vizuri. Kilichobishaniwa kortini ni kaburi, azikwe Upper Matasia upande wa Ngong au Nyalgunga, na nyuma ya kaburi lilikuwa swali la marehemu alikuwa mtu wa nani. Swali hilo mama na mkaza mwana wenu walikuwa wakiulizana kila usiku kupitia simu moja, bila wakili.

Nitawapa mfano wa kaunta. Walikuja wawili, mama na mjane, kuchagua picha ya jalada. Mama alikuwa na picha ya mahafali, kofia na joho, macho yametolewa kwa mpiga picha. Mjane alikuwa na moja kwenye simu, marehemu ameshika mfupa wa nyama choma, anacheka, nusu ya uso iko gizani. Kwa ufundi picha ile haifai kuchapwa, na niliwaambia hivyo. Walibishana kwa sauti ya chini, kila mmoja akiita jina tofauti la mtu yuleyule. Mwishowe mjane akasema iwekwe ya mahafali. Nikaanza kuipanga. Mama akaomba simu, akaitazama ile ya mfupa kwa muda mrefu, akaniuliza kama kweli siwezi kuiongeza mwanga. Niliiongeza. Ilitoka na chengachenga, wakaichukua hivyohivyo, na ndiyo iliyokaa mbele. Huo nao ni ugomvi, Waheshimiwa. Ulidumu robo saa, na waigizaji wenu wangeweza kuufanya wakiwa wamefumba macho.

Sasa lile jibu la mistari michache. Mmoja wenu aliniandikia kwamba mjane “ameingia hatua ya hasira”, na kwamba mtaalamu aliwashauri kuhusu hatua tano za majonzi. Nashukuru kwa kunijibu. Hata hivyo, hatua hizo ziliandikwa na daktari Elisabeth Kübler-Ross mwaka 1969 kutokana na mazungumzo yake na wagonjwa waliokuwa wakikabili kifo chao wenyewe; kuwabandika waliofiwa kulikuja baadaye, na hata yeye alikuja kusema kwamba hazifuatani kama vituo vya basi. Majirani zangu Waislamu wa Pumwani humpa mjane eda ya miezi minne na siku kumi, na hakuna anayemuuliza leo umefika hatua ya ngapi. Mjane ana haki ya kukasirika. Ila hasira ina mahali inapotoka, na yake mmeipa mahali pa uongo.

Huenda pia yupo mwigizaji anayetaka kuondoka na mkataba wake umeisha. Kama ni hivyo, semeni. Mama anaweza kurudi kijijini kupanda mahindi mvua za Machi zikija, jambo ambalo mama yeyote angelifanya, na simu ikawa inaita kutoka huko. Hamkuhitaji kumchafua ndipo apate nauli.

Nimeambiwa niwashtaki kwa wadhibiti. Sitafanya hivyo. Bodi ya kuainisha filamu ina alama za GE, PG, 16 na 18, na hakuna hata moja iliyotengenezwa kwa kosa hili. Hakuna sheria mliyovunja isipokuwa ile mliyotuwekea wenyewe msimu wa kwanza.

Ninachoomba ni haya:

(a) Msifute yaliyopita kwa maneno ya shemeji. Njia ya kutokea mnayo, na sijui kama mmeiona: aliyesema mama alikuwa akitafuta pesa ni shemeji peke yake. Mama mwenyewe hajaulizwa. Alifukuzwa kabla hajafungua kinywa. Na lile tabasamu linaweza kuwa picha iliyo kichwani mwa mjane baada ya kulishwa maneno, si jambo lililotokea. Sehemu moja inatosha kulinyoosha hilo.

(b) Wakutanisheni ana kwa ana. Tangu mama afukuzwe hawajakaa chumba kimoja; wanatumiana watu. Wapeni dakika kumi, meza, na lile swali la homa ya mtoto. Msiwape muziki.

(c) Shemeji mwacheni awe mwizi akitaka, lakini afuate korti kama wezi wengine wa mirathi wanavyofuata, wakiwa na barua ya chifu ya kununua. Hapo mtakuwa mmetuonyesha jambo linalotokea kweli, na mjane wenu karani atapata kazi ya kufanya.

(d) Marudio ya Jumapili yaonyesheni jinsi yalivyopigwa. Kama dakika hazitoshi, ondoeni muhtasari wa mwanzo, ambao hurudia tuliyoyaona nusu saa iliyopita.

(e) Iondoeni ile trela.

(f) Mrudisheni mtoto, na aulize nyanya yake yuko wapi.

(g) Nijibuni hadharani, kwa kuwa sasa tuko hadharani, kabla ya kurekodi msimu ujao. Mkiona nimekosea kuhusu jambo lolote katika kisa chenu, nitachapa masahihisho yenu kwa gharama yangu na kuyabandika mlangoni.

Nakala za barua hii ziko kaunta. Anayekubaliana nayo anaweza kuitia sahihi. Asiyekubaliana aandike nyuma, nafasi ipo. Wakati huohuo saa moja unusu bado tunaitazama, mashine imezimwa.

Wenu mtiifu,

Mpiga chapa, River Road, Nairobi.

Nakala kwa: mwelekezi wa tamthilia, mwigizaji wa nafasi ya Mama, mwigizaji wa nafasi ya mjane.